Pikapu Aliyopewa Mdogo Wangu

Baba alimpa mdogo wangu pikapu siku ya Jumapili, baada ya ibada, tukiwa mezani nyumbani Marangu. Hakutanguliza maneno. Alimaliza mtori wake wa ndizi, akafuta mdomo, akatoa funguo kwenye mfuko wa koti alilokwenda nalo kanisani, akazisogeza upande wa pili wa meza alipokaa kitindamimba wake.

"Hii sasa ni yako," akasema. "Itengeneze, uende nayo kazini."

Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la nyama mkononi. Nililiweka mezani taratibu sana. Mdogo wangu alisema, "Asante, baba," basi, kama mtu aliyeazimwa mwavuli. Kisha akaendelea kula. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Ningekuwa mimi, nisingeweza kumeza tena.

Nilikuwa darasa la pili pikapu hiyo ilipoingia kwetu. Ilikuwa na rangi ya maziwa, pua ndefu, na kiti kimoja kirefu mbele ambacho kilitutosha mimi, baba na mama. Gia yake ilikuwa pale kwenye usukani, fimbo nyembamba yenye kirungu cheusi, na baba aliivuta kwa vidole viwili kama anayechagua nyama sahanini. Ilibeba kahawa yetu na ya majirani. Ilibeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni, na wakati wa kiangazi ilishuka tambarare kuleta majani na mabua ya ng'ombe, ikirudi imejaa hadi haionekani. Mama alikwenda nayo hospitali kumzaa huyo mdogo wangu, nami nikabaki getini nikilia kwa sababu gari limeondoka bila mimi.

Nilikuwa msaidizi wa baba katika kila jambo la gari lile. Breki zikilegea, yeye alichuchumaa kwenye gurudumu na chupa na mpira mwembamba, mimi nikakaa nyuma ya usukani miguu yangu ikifika kwenye pedali kwa shida. "Kanyaga," angesema. "Shikilia. Achia." Tulifanya hivyo gurudumu moja baada ya jingine mpaka hewa yote itoke kwenye mafuta ya breki. Baba si mtu wa kusifu. Lakini tukimaliza alinitazama na kusema, "Haya, mama," naye huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na mimi nikajua siku yangu imekamilika. Nilipomaliza kidato cha nne alinifundisha kuendesha katika mteremko wa kwenda Himo. Aliniambia nisiiue breki, niache gia ishike gari. Mpaka leo nashuka mlima hivyo.

Mdogo wangu je? Yeye alikuwa akitapika ndani ya pikapu hiyo. Kona za kutoka kwetu hadi barabara kubwa zilimshinda kabisa, akawa anaomba kukaa nyuma na ndizi ili apate upepo. Baadaye akaenda shule ya bweni, kisha chuo cha ufundi wa umeme, na kwa miaka mingi sikumsikia akilitaja gari hilo hata mara moja.

Sitaki nieleweke vibaya. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki kwa wazazi, na kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, kinabaki naye. Nililijua hilo tangu sijajua kusoma, na halikuwahi kuninyima usingizi. Nyumba, ng'ombe, migomba, kahawa, vyote nilikwisha kumwachia moyoni mwangu. Niliolewa, ninaishi Moshi mjini, nafundisha shule ya msingi Chekereni, sijakosa kitu. Lakini hakuna mila niliyowahi kuisikia inayosema habari za pikapu. Baba alipoacha kuendesha kwa sababu ya macho, akaiegesha kando ya banda la ng'ombe na kuifunika turubai, mimi ndiye niliyekuwa nikipanda kila likizo kuiwasha ili isife. Hakuna aliyenituma. Nilidhani kila mtu anaona.

Mdogo wangu alikuwa ameajiriwa karibu na uwanja wa ndege, mbele ya Boma Ng'ombe. Kutoka Marangu ni mbali: unashuka Himo, unapita Moshi, ndipo uende tena. Zamu zake zilianza mapema, na kubadilisha magari njiani kulikuwa kunamchelewesha. Ndiyo maana akapewa pikapu. Wiki ya kwanza akaenda nayo hivyo hivyo, kama ilivyokuwa.

Nikapata habari zake kwa simu, naye mwenyewe akizisimulia.

"Dada, hii gari ni ng'ombe," alisema. "Ikifika sabini usukani unatetemeka kama una homa. Injini inapiga kelele, sisikii hata simu. Leo nimefuatwa na lori la saruji kutoka Holili, limeniwashia taa mpaka nikaingia pembeni. Lori, dada. Limejaa."

"Haikutengenezwa kwa kukimbia," nikamwambia. "Ilitengenezwa kwa kazi."

"Na mimi naenda kazini," akajibu.

Nilikata simu nikiwa na furaha ndogo mbaya. Nilisema moyoni, gari limemkataa. Litarudi kwenye turubai lake. Nilijiona nikipanda Marangu likizo ya Desemba na kuliwasha, na baba akitoka nje kusikiliza.

Halikurudi. Mdogo wangu aliamua kulifanya liwe la barabara kuu. Alipata gereji pale Moshi, na kwa bahati yangu mbaya gereji hiyo iko kwenye njia ninayopita nikitoka kazini. Kila siku asiyokuwa na zamu alishuka huko, na kila aliposhuka alishuka na baba.

Baba, ambaye kwa miaka hiyo yote tangu mama afariki tulikuwa tukimbembeleza aje kwangu hata kwa siku moja, naye akasema mjini kuna joto. Baba ambaye nilimnunulia kiti kizuri cha kukalia varandani kwangu, kikaishia kuanikiwa nguo za kufua. Sasa alikaa kutwa nzima gereji kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo, katikati ya harufu ya grisi, kofia yake ya kanisani kichwani, akiangalia.

Siku moja walikuja kwangu kula chakula cha mchana. Nilikuwa nimepika ndizi nyama kama anavyopenda, nikaweka na maziwa mgando. Walikula wakizungumza wao kwa wao.

"Ukiweka injini kubwa ukaacha difu ileile ya magurudumu ya nyuma, umefanya kazi bure," baba alikuwa akisema. "Itapiga kelele tu."

"Difu tunabadilisha, baba. Tairi izunguke zaidi, injini ipumzike."

"Na breki?"

"Za mbele zote zinakuwa za diski."

"Hapo sawa. Kukimbia si kazi. Kazi ni kusimama."

Nilimuuliza baba kama niongeze maziwa. Akanisogezea kikombe bila kunitazama. Mume wangu, ambaye ni mtu mpole na anaona mengi kuliko anavyosema, aliningoja mpaka wameondoka.

"Kwa nini na wewe usiende gereji?" akaniuliza. "Unalijua gari lile."

"Sina muda," nikasema.

Nilikwenda, lakini peke yangu, siku ambayo nilidhani hawatakuwepo. Walikuwepo. Injini ya zamani ilikuwa imeshatolewa, imelazwa juu ya tairi kuukuu, na mahali pake palikuwa wazi hivi kwamba uliona ardhi. Injini mpya ilitoka kwenye gari dogo la Kijapani lililogongwa nyuma likaharibika bodi tu. Ilikuwa na gia tano, wakati ile yetu ilikuwa na nne. Mdogo wangu alinieleza yote hayo kwa mikono yake yote miwili, mafuta mpaka kwenye viwiko, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Nilisimama nimekunja mikono.

"Na gia ya usukani?" nikauliza.

"Inatoka, dada. Hii mpya iko chini, katikati."

"Katikati pale? Atakaa wapi mtu wa tatu?"

Akacheka. "Mtu wa tatu yupi?"

Mtu wa tatu alikuwa mimi, kati ya baba na mama, magoti yangu yakiwa pale pale alipokuwa akitoboa tundu la gia. Nilimwamkia baba kwa mara ya pili kwa kukosa la kusema, nikaondoka.

Baada ya hapo nilianza kupita njia nyingine, ya mzunguko. Lakini kuna siku mvua ilininyeshea nikaona ujinga, nikapita njia ya kawaida. Geti la gereji lilikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele, kwa umri wake ule, chupa mkononi. Na nikasikia.

"Kanyaga."

Mdogo wangu akakanyaga.

"Shikilia. Achia."

Sikujua kama maneno matatu yanaweza kumfanyia mtu vile. Nilisimama barabarani mvua ikiniingia shingoni. Laiti ningewakuta wananisengenya, au wanagawana shamba, ningeingia nikasema langu. Lakini ungeingia ukasema nini kwa watu wanaotoa hewa kwenye breki? Nilihisi kama nimefukuzwa kwenye nyumba ambayo nilikuwa nimekwisha kuhama. Nikaenda zangu nyumbani, nikawaambia watoto nimepata mafua.

Gari likapona. Sipendi kusema hivyo, lakini ndivyo majirani walivyosema, kwamba limepona. Propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, ilikatwa ikaungwa upya kwa urefu mwingine, tairi zikasawazishwa, usukani ukaacha kutetemeka. Mdogo wangu akawa anatoka Marangu kukiwa bado na ukungu na kufika kazini kabla ya wenzake wanaoishi Boma. Wakati mwingine nikiwa kituoni asubuhi, nasubiri gari la Chekereni, niliiona ikipita na pua yake ndefu, imenyooka, bila kelele. Alinipigia honi. Nilinyanyua mkono. Watu waliokuwa kituoni waligeuka kuitazama, mmoja akasema, "Chuma hiyo," na mimi nikatazama simu yangu.

Kisha akapigwa tochi. Askari wa barabarani walimsimamisha kwenye kijiji kimoja chenye kibao cha hamsini, wakaitazama ile kamera yao ya kupimia mwendo, wakaitazama pikapu, wakaitazama tena kamera. Mmoja akamuuliza kama amebadilisha namba na gari jingine. Walimwandikia faini, lakini kwanza wakamwomba afungue boneti waone.

Mimi hadithi hiyo sikuipata kwa mdogo wangu. Niliipata kwa baba, kwenye ngazi za kanisa, akiwasimulia wazee wenzake Jumapili iliyofuata. Baba, mtu wa kuvaa tai, mtu aliyetuchapa kwa kuchelewa shule ya Jumapili.

"Tumepigwa tochi," alikuwa akisema. Tumepigwa, kana kwamba na yeye alikuwemo ndani. Wazee wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilisimama nyuma yao na Biblia yangu nikijaribu kukumbuka kama baba aliwahi kunisimulia mimi kwa watu namna hiyo. Nilifaulu mitihani. Niliajiriwa. Nilimjengea tangi la maji. Labda alisimulia nisipokuwepo. Wakati huo sikufikiria hivyo.

Mwezi mmoja baadaye mdogo wangu aliugua malaria, akalala kitandani. Wiki hiyohiyo mtoto wa binamu yetu alikuwa anapata kipaimara Boma Ng'ombe na baba alitakiwa kuwa mezani na wazee. Baba akanipigia simu mwenyewe.

"Mama, njoo uniendeshe," akasema.

Nilipanda Marangu asubuhi. Nilivaa gauni langu la sherehe na viatu vya chini vya kuendeshea. Mdogo wangu alinipa funguo akiwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, akanionya kwamba klachi ni nyepesi. Nikamwambia nilikuwa nikiendesha gari hilo yeye akiwa anatapika nyuma. Alitabasamu, macho yake ya njano.

Niliwasha. Injini ilinguruma kwa sauti ya chini nisiyoifahamu. Mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye usukani kutafuta gia, ukashika hewa. Baba aligeuza uso akatazama dirishani, kwenye migomba, mpaka nilipoipata ile ya chini. Nilimshukuru kwa kutocheka.

Nilitaka liwe gari baya. Nilishuka nalo mpaka Himo nikitafuta kosa. Kila kona niliyoikanyagia breki lilitulia kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tulipoingia barabara kuu nikaweka gia ya nne, kisha ile ya tano ambayo haikuwepo duniani kwetu, na kelele ikapungua badala ya kuongezeka. Tulipita Moshi. Karibu na Kwa Sadala kulikuwa na lori la mbao mbele yetu, barabara iko wazi, na mguu wangu ukaenda. Tukalipita kabla sijamaliza kuogopa. Mlima ulikuwa kulia kwetu umejifunika mawingu, upepo unaingia dirishani, na mimi nilikuwa nacheka. Nilijisikia nikicheka. Halafu wivu ukarudi mkubwa kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilijua ninachokosa kila asubuhi.

"Baba," nikasema. "Kwa nini hukunipa mimi?"

Hakuuliza nini. Aliweka sawa kofia yake kichwani.

"Hukuiomba," akasema.

"Yeye aliiomba?"

"Hapana." Akakohoa. "Yeye aliniambia anataka kupanga chumba Boma. Kwamba ni mbali, atakuwa anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Nikafikiri. Jioni mimi na ng'ombe, asubuhi mimi na ng'ombe. Ndiyo nikampa gari, ili arudi."

Nilipunguza mwendo. Kulikuwa na kibao cha hamsini.

"Na mimi ningerudi," nikasema.

"Kila jioni, mama?"

Nilifikiria mume wangu na watoto, madaftari ya kusahihisha, sufuria. Baba akanigusa kwenye bega kwa ncha za vidole.

"Ningekupa wewe ungeondoka nayo," akasema. "Ingekuwa haki yako. Lakini mimi ningebaki na ng'ombe."

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Wakati wa kurudi alilala, kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi kidogo. Katika gari la zamani hakuna aliyewahi kulala. Niliendesha polepole ili asiamke, na magari mengine yakatupita, na sikujali.

Tulipofika, mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Alitaka kujua kila kitu: usukani uliyumba? Ilipanda vizuri kutoka Himo? Nilimwambia iko vizuri. Nilijilazimisha kulisema mara ya pili, kwa sauti inayosikika, kwamba ameifanyia kazi nzuri sana.

Akazungusha kijiko bakulini.

"Unajua siku tunatoa hewa kwenye breki," akasema, "baba aliniita mama?"

"Alikuitaje?"

"Mama. Tumemaliza gurudumu la mwisho, akasimama, akasema, 'Haya, mama.' Fundi alicheka siku nzima. Mpaka leo nikipita pale ananiita mama." Hakuwa anacheka. "Mimi nilitengeneza hilo gari mwaka mzima, dada. Kila chuma nilichokigusa nikaambiwa wewe ulikuwa unakishikaje. Nikaambiwa dada yako alikuwa na mguu mzuri wa klachi. Nikaambiwa dada yako hakuwahi kuua breki. Nilikuwa nafika kazini nimekasirika, sijui namkasirikia nani."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Nilimwonea, baadaye, njiani. Pale pale chumbani nilifurahi, furaha iliyonijaa kifua mpaka nikainuka na kuchukua bakuli lake tupu ili asiuone uso wangu. Nilikwenda nalo jikoni nikaliosha muda mrefu kuliko bakuli la uji linavyohitaji.

Alipopona alinipigia simu. Alisema Jumamosi hana zamu, pikapu inakaa bure, kama nataka niichukue. Sikuringa. Siku hizi Jumamosi nyingi napanda Marangu, nampakia baba, tunashuka naye mpaka Chekereni kwa wakulima ninaowafundishia watoto, tunapakia mchele wa nyumba mbili, kisha tunapita kwangu anakula. Anakaa kwenye kile kiti cha varandani. Siku za wiki, nikiwa kituoni na pikapu ikapita ikipiga honi, bado naona wivu, lakini nanyanyua mkono na kutazama mpaka imepotea.

Ugomvi wetu sasa ni mwingine. Mdogo wangu, ili gari litulie kwenye mwendo mkali, alipunguza vyuma viwili kwenye springi za nyuma. Tukiweka magunia, linakaa chini kama kuku anayetaka kutaga, na baba hapendi kabisa. Anasema pikapu isiyobeba si pikapu, vyuma virudishwe. Mdogo wangu anasema vikirudi litaruka ruka barabara kuu na atachelewa kazini. Jumapili iliyopita walibishana mezani hadi mtori ukapoa. Mimi niko upande wa baba, na nilisema hivyo waziwazi, na mdogo wangu akaniambia kama nataka vyuma niingie mwenyewe chini ya gari nivifunge. Nimemwambia Jumamosi nitakuja na nguo za kazi.